Kiungo

Saa tano usiku, Nyalenda, stima zimerudi.
Nimemaliza hadithi ya fundi cherehani wa Kondele
aliyepewa kazi ya kushona suti ya maiti
akaipunguza kiuno mara tatu.
Wiki sita. Maneno elfu mbili na mia tisa;
nimeyahesabu kama anayedaiwa.

Wasomaji: watatu.
Wa kwanza mimi. Wa pili mimi, kwa simu ya dada.
Wa tatu simjui, na nimemwaza sana.

Nikasema liwalo na liwe, nikakitupa kiungo
(neno lile lile la goti, lile lile la pilau)
kwenye kundi lililokuwa karibu na kidole,
la matanga ya Mjomba Odipo.
Juu yangu: *Nyagilo, mia tano, imepokelewa.*
Chini yangu: *Hema ni la nani, viti vingapi?*
Katikati mimi, na kile kiuso cha kucheka
nilichokiweka nisionekane nina shida.

Baba mdogo Okumbe hakukawia:
*Hapa ni matanga, si Kibuye.*
Halafu, kwa kuwa alifunza miaka kumi huko Kilifi:
*Kizuri chajiuza, binti. Kibaya chajitembeza.*

Methali ikanikaa kooni kama mwiba wa ngege.

Jumapili nikaenda Kibuye kutafuta
hicho kizuri kinachojiuza.
Sikukiona. Sufuria zilikuwa zinagongwa kwa mwiko,
nyanya zimepanguswa vumbi, zimepangwa
shavu jekundu likitazama njia.
Koti la sufu, vifungo vyote sita, lilikuwa chini ya rundo
limenyamaza tangu asubuhi, na uzuri wake wote,
mpaka Min Adero alipolivuta mkono,
akalivaa mwenyewe kwenye jua la saa saba,
akajizungusha, jasho likimtoka, akaita watu kwa makwao:
Nyar Alego! Wuod Seme! Baridi ya Julai haina undugu!
Mtu wa Ahero aliyekuja kutafuta betri
akaondoka nalo.

— Lilikuwa zuri asubuhi? nikamuuliza.
— Tangu Ijumaa.
— Mbona halikujiuza?
Akanitazama.
— Lina mdomo?

Lakini hatua nne kutoka pale
kipaza sauti kilikuwa kikisifu dawa ya kunguni,
sentensi moja, sauti ya mtu asiyekuwepo;
mwenye dawa amelala juu ya katoni zake
na kunguni, nadhani, hawakuwa na wasiwasi.
Nikaogopa. Nilimjua yule. Nimewahi kuwa yule:
kutuma, kutuma, bila kusoma ya mtu.

Dani alinisimulia: kwenye ngoma za nyatiti
mtu akitaka kujisifu, pakruok,
hutoa sarafu kwanza, nyuzi zikasimama,
akajiita simba, akajiita mto usiovukika.
Hakuna aliyemwona hana adabu.
Ila alilipa. Na alipomaliza alikaa,
akamsikiliza mwenzake akijiita tembo.

Sikupata jibu. Nilituma mia tano ya matanga,
nikasoma hadithi ya kijana mmoja wa Nakuru, mpaka mwisho,
nikamwandikia ni wapi iliponiuma.

Na siku ya mazishi, nyuma ya hema
(lilikuwa la kanisa; viti havikutosha)
Baba mdogo Okumbe akanivuta kando,
akakohoa, akatazama viatu vyake.
— Yule maiti. Suti ilimtosha?
— Imeandikwa mwishoni, nikasema.
— Kiungo kimezama huko juu, chini ya michango.
Kitume tena.
Akageuka kuona nani anasikia.
— Lakini si kwenye kundi.